Hawa watu umewatoa wapi?

Kwa shangazi yangu Newala, pale sebuleni juu ya friji, kuna ubao wa mninga, urefu wake kama mita moja na nusu hivi, babu aliuchonga mwaka 1986 kwa ajili ya kigango kimoja cha huko huko juu, na ukiwa umekaa kwenye kochi unachoona ni Karamu ya Mwisho tu, Bwana Yesu katikati na mitume huku na huku, basi. Lakini ukisogea ukapitisha kidole kwenye zile sura, ya kwanza kushoto ni laini kama ganda la yai, ya pili laini vilevile, alafu ukifika ya tatu kidole kinaanza kukwama. Ina nembo. Zile chale za Kimakonde, mistari ya kupanda na kushuka mashavuni na mingine kwenye paji la uso, na kuanzia huyo wa tatu mpaka wa mwisho kulia wote wanazo, hata Bwana Yesu mwenyewe anazo, ndogondogo, mbili tatu pembeni ya macho.

Utotoni niliamini babu aliwaacha wale wawili kwa sababu muda ulimuishia. Kisa chenyewe nimekuja kukisikia nimeshakuwa mtu mzima, na kukielewa sawasawa nimekielewa mwaka huu, na aliyenielewesha ni mchoraji mmoja wa Italia aliyefariki mwaka 1588. Ndo maana naandika hii, itakuwa ndefu, mnivumilie.

Mi nina steshenari hapa Mtwara mjini, fotokopi, kuprinti, kulamineti, picha za paspoti, kazi zetu zile. Siku moja kaja kijana wa chuo anasoma ualimu, somo lake historia, kaniletea flashi akasema dada naomba uniprintie hii A3 ya rangi, naenda kuitumia kwenye mazoezi ya kufundisha. Nikaifungua. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mbwa. Mbwa yupo mbele kabisa, katikati, katulia, na nyuma yake kuna meza ndefu sana chini ya matao matatu makubwa yenye nguzo, mbingu ya bluu inaonekana kwa nyuma na majumba meupe, na watu sasa, watu wamejaa kama stendi siku ya mkesha wa Idi, kuna wanaopanda ngazi, wanaoshuka ngazi, wapagazi wa sahani, mtu kashika kasuku, mtu kashika kitambaa anatoka damu puani, askari wawili wanakula na kunywa pembeni, na katikati ya yote hayo, mtulivu, ndo yupo Bwana Yesu.

Nikamuuliza, hii ni harusi ya nani? Akaniambia dada, aliyechora hii aliulizwa swali kama hilo na mahakama.

Nilimprintia, akalipa, akaondoka, na mimi usiku huo bando langu lote likaishia kwa huyo mchoraji.

Anaitwa Paolo Caliari, ila kwa kuwa alizaliwa mji wa Verona watu walimzoea kwa jina la Veronese. Kazaliwa 1528, kazi zake nyingi kazifanya Venice, na Venice ya wakati ule ilikuwa mji wa biashara hasa, wamekaa juu ya maji wanauza viungo na hariri, na utajiri wao uliguswa na mambo yaliyotokea huku huku kwetu, maana Wareno walipoipata njia ya baharini ya kwenda India ndo wakawa wanapita pwani hii, na mwaka 1505 wakaivamia Kilwa wakaipora. Mwaka mmoja tu kabla ya hapo, 1504, kule Florence walikuwa wanasimamisha ile sanamu ya Daudi ya Michelangelo, mchongaji na mchoraji. Nilisoma shule hivi vitu viwili kwa vipindi viwili tofauti na walimu wawili tofauti na sikuwahi hata siku moja kuviweka kwenye kalenda moja.

Turudi kwa Veronese. Alikuwa bingwa wa kuchora karamu. Mwaka 1563 alimalizia picha ya arusi ya Kana kwa ajili ya ukumbi wa kulia chakula wa watawa wa kisiwa cha San Giorgio Maggiore hapo Venice, na watawa hao ni Wabenedikto, shirika lile lile tunalolijua sisi watu wa kusini kwa sababu ya misheni ya Ndanda. Ile picha ina upana wa karibu mita 10 na watu kama 130 ndani yake, wapiga vinanda, mbwa, watu wa mataifa mbalimbali, nguo za bei mbaya, siku hizi ipo Paris, makumbusho ya Louvre, baada ya askari wa Napoleon kuibeba mwaka 1797. Na kwa picha hiyo hakuna mahakama iliyomuita. Watawa walikula chakula chao mbele ya wale watu 130 miaka na miaka.

Sasa kwa nini picha ya 1563 ilipita tu, alafu hiyo yenye mbwa, ya 1573, ikawa kesi? Hapa ndo pananivutia kuliko pote.

Kuna mambo yalikuwa yanachemka Ulaya tangu Martin Luther alipoanza hoja zake mwaka 1517 huko Ujerumani. Ugomvi ulianzia kwenye vyeti vya rehema vinavyouzwa, ukaenda kwenye mamlaka ya Papa, ukaenda kwenye Biblia isomwe kwa lugha gani, na kwenye baadhi ya miji ukafika mpaka kwenye picha. Zürich mwaka 1524 waliondoa picha na sanamu makanisani, walisema amri ya Mungu imekataza sanamu, kwa hiyo kuta zikapakwa chokaa. Uholanzi mwaka 1566 watu waliingia makanisani na nyundo. Luther mwenyewe hakuwa mkali hivyo kwenye picha, lakini moto ukishawaka hauchagui nyasi.

Kanisa Katoliki likakaa kikao, Mtaguso wa Trento, ambao ulianza 1545 ukaja kufungwa 1563, katikati umesimama mara mbili, na kwenye kikao cha mwisho kabisa, Desemba 1563, ndo wakatoa tamko la picha. Tamko lilisema picha zibaki, ziheshimiwe, kwa sababu heshima haiishii kwenye ubao au rangi, inakwenda kwa yule aliyechorwa, na watu wasiojua kusoma wanafundishwa imani kwa picha. Hapo nawaunga mkono mia kwa mia. Lakini wakaongeza: kusiwe na uchafu, kusiwe na tamaa za mwili, na picha yoyote isiyo ya kawaida isiwekwe kanisani mpaka askofu aipitishe. Isiyo ya kawaida. Hayo maneno nimeyarudia mara nyingi sana kichwani, maana swali linabaki kwamba kawaida ni ya nani.

Picha moja kubwa iliyoguswa ni Hukumu ya Mwisho ya Michelangelo, ukutani nyuma ya altare ya kanisa la Sistina kule Vatikano. Aliichora kuanzia 1536 mpaka 1541, watu wamejaa ukuta mzima, wanafufuka, wanapanda, wanashuka, na wengi wao wapo uchi. Hata kabla haijaisha msimamizi wa ibada za Papa, Biagio da Cesena, aliilalamikia kwamba inafaa kwenye bafu au kilabu cha pombe na sio kanisa la Papa, na inasimuliwa kwamba Michelangelo akamchora huyo huyo Biagio kule jehanamu na masikio ya punda. Lakini Papa Paulo III aliiacha. Baada ya Trento mambo yakawa mengine. Januari 1564 iliamuliwa zile sehemu za siri zifunikwe, Michelangelo akafariki Februari mwaka huo huo, na mwaka 1565 kazi ikapewa mtu aliyekuwa rafiki yake, Daniele da Volterra, awavalishe watakatifu nguo. Warumi wakamwita Mshona Suruali, jina likamganda mpaka leo.

Nilidhani alipaka tu rangi juu. Sehemu nyingi ndivyo alivyofanya, lakini kwa Mtakatifu Katarina na Mtakatifu Blasio haikuwa hivyo, na mjukuu wa mchongaji lazima hii imuume. Ile picha imechorwa kwenye lipu mbichi, rangi inanywewa na chokaa ikiwa bado ina maji, ikikauka rangi na ukuta vinakuwa kitu kimoja. Kwa hiyo ili umbadilishe mtu kabisa huna namna, unachukua patasi unabandua ukuta, unapiga lipu mpya, unamchora upya. Katarina alikuwa uchi ameinama na Blasio yupo nyuma yake ameinama pia, watu wakaona vibaya, basi Daniele akawabandua kwa patasi, Katarina akapewa gauni na Blasio akageuzwa kichwa aangalie kwingine. Miaka ya 1990 walipokuja kuisafisha picha nzima waliondoa nguo nyingi zilizoongezwa karne za baadaye, lakini hao wawili hawakuweza kurudishwa, maana chini ya lipu ya Daniele hakuna kitu. Yule Katarina wa Michelangelo alidondoka sakafuni vipande vipande, akafagiliwa.

Basi, hiyo ndo hali ya hewa. Sasa Venice.

Mwaka 1571 moto uliunguza Karamu ya Mwisho iliyochorwa na Titian, mchoraji mwingine wa Venice, kwenye ukumbi wa chakula wa watawa Wadominiko wa Santi Giovanni e Paolo. Wakamwita Veronese awachoree nyingine ukuta ule ule. Akachora hiyo niliyoiprinti, upana wake mita 12 na ushee, urefu wa kwenda juu mita 5 na nusu. Kiduka changu kinaingia humo mara kadhaa. Na Jumamosi tarehe 18 Julai 1573 akaitwa mbele ya Inkwizisheni, mahakama ya kanisa ya kuchunguza imani za watu. Kumbukumbu za mahojiano zipo, ziliandikwa siku hiyo hiyo na karani, swali na jibu, na nilivyozisoma nilihisi kama nimekaa benchi la nyuma.

Wanaanza taratibu. Jina, kazi. Anajibu kwamba anachora na kutengeneza sura za watu. Unajua kwa nini tumekuita? Anasema hajui ila anahisi, maana mkuu wa watawa alimwambia kwamba mabwana wa mahakama wanataka yule mbwa aondolewe na mahali pake awekwe Maria Magdalena, na yeye alijibu angefanya lolote kwa heshima yake na ya picha, ila haoni kama Magdalena atakaa vizuri pale. Hebu mfikirie. Mtu kaitwa kwenye mahakama inayoweza kumfunga, na jibu lake la kwanza ni la fundi: hapo hatakaa vizuri.

Wakamuuliza yule anayetoka damu puani ana maana gani. Akasema ni mtumishi, kapata ajali tu, ndo katoka damu. Na wale wenye silaha, waliovaa Kijerumani, wana mikuki yenye shoka? Hapo akaomba aseme maneno mengi kidogo, akasema sisi wachoraji tunajipa ruhusa ile ile wanayojipa washairi na vichaa, na wale askari amewaweka pale kwenye ngazi, mmoja anakunywa mwingine anakula, kwa sababu aliambiwa mwenye nyumba alikuwa mtu mkubwa na tajiri, na mtu wa namna hiyo lazima angekuwa na watumishi kama hao. Na yule mchekeshaji mwenye kasuku mkononi? Ni pambo, kama ilivyo kawaida. Na mezani kwa Bwana wapo akina nani? Akawataja, Petro anamkata mwanakondoo ili ampitishe upande wa pili, anayefuata kakinga sahani. Na huyu mwingine? Huyu anachokonoa meno kwa uma.

Alafu likaja swali lenyewe. Kwenye ile karamu, wewe unaamini walikuwepo akina nani kweli? Akasema naamini alikuwepo Kristo na mitume wake, lakini kwenye picha nafasi ikibaki naipamba kwa watu ninaowabuni. Kuna mtu alikuagiza uchore Wajerumani na wachekeshaji na vitu kama hivyo? Hapana mabwana, niliagizwa niipambe picha kama nitakavyoona inafaa, na ni picha kubwa, inabeba watu wengi.

Wakasema kile walichokuwa wanakiogopa tangu mwanzo, kwamba hujui kule Ujerumani na sehemu nyingine zilizoambukizwa uzushi wanatumia michoro yenye mambo ya ajabu ajabu kulidhihaki kanisa takatifu na kuwafundisha watu mafundisho mabaya? Kwa hiyo Mjerumani kwenye ngazi hakuwa askari tena, alikuwa Luther. Nilivyofika hapo nilifunga simu kidogo nikafikiria Wajerumani wetu. Maana sisi huku Ukatoliki tumeletewa na Wajerumani hao hao, Wabenedikto kutoka Bavaria, walioanza Lukuledi mwaka 1895, misheni ya Nyangao ikachomwa kwenye Maji Maji 1905, wakaja kutulia Ndanda 1906. Mahakama ya Venice ingeambiwa kwamba ipo siku Mjerumani ndo atakayemfundisha Mmakonde kusali Rozari, sijui ingewatazama vipi wale askari wawili.

Veronese akajaribu kujitetea kwa kumtaja mkubwa wake, akasema mbona Michelangelo kule Roma, kwenye kanisa la Papa, amewachora Bwana Yesu, Mama yake na watakatifu wote uchi. Wakamjibu kwamba kwenye hukumu ya mwisho hakuna nguo, na kwenye ile picha hakuna kitu ambacho sio cha kiroho, hakuna mbwa wala wachekeshaji. Jibu hilo limetolewa miaka 8 baada ya patasi ya Daniele.

Hukumu ikatoka: arekebishe picha ndani ya miezi 3, kwa gharama zake mwenyewe. Kwa mahakama ya wakati ule ni hukumu nyepesi, na Venice ilikuwa na utaratibu wake, serikali ya mji iliweka watu wake wa kiraia wakae ndani ya mahakama hiyo ili Roma isijiamulie peke yake. Na yeye akarekebisha kwa namna ambayo nimeipenda mno. Mbwa hakumgusa. Wajerumani hakuwagusa. Aliandika tu kwenye kingo za zile ngazi, kwa Kilatini, kwamba Lawi alimfanyia Bwana karamu kubwa, na akaongeza, Luka sura ya 5. Basi. Sio Karamu ya Mwisho tena, ni karamu nyumbani kwa Lawi mtoza ushuru, na ukifungua Luka 5:29 unakuta imeandikwa kwamba palikuwa na kundi kubwa la watoza ushuru na watu wengine wameketi pamoja nao. Na watu wengine! Maandiko yenyewe yakawapokea wale wote waliokuwa wanatakiwa kufutwa. Mafarisayo nao wapo kwenye mstari wa 30 wananung'unika kwa nini mnakula na watu kama hawa. Picha ipo mpaka leo Venice, makumbusho ya Accademia, inaitwa kwa jina hilo la pili.

Wengine wanasema aliwashinda kwa ujanja. Mi naona alimtafutia kila mtu wake kiti kwenye Biblia, na alikipata.

Sasa babu.

Babu alikuwa mchongaji, vinyago vya mpingo vya kuuza kwa wenye maduka waliokuwa wanapanda Newala kununua, na ujana wake alikuwa anachonga sura za mapiko, zile za mti mwepesi za kuchezea ngoma siku watoto wanatoka jandoni, kwa hiyo sura ya mtu aliijua kwa mkono. Kigango kilipojengwa cha bati walimuomba awachongee Karamu ya Mwisho ya kuweka ukutani. Alifanya kazi miezi minne. Tezo, patasi kubwa, patasi ndogo, kisu, msasa, mwisho kiwi ya rangi ya kahawia. Mezani hakuchonga mkate, alichonga ungo wa ming'oko, mizizi ya porini tunayokula huku, na kibuyu. Mlangoni kulia alimuweka bibi kizee mwenye ndonya mdomoni kabeba chungu cha maji. Na mitume wote aliwapa nembo, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa nazo, na kila mtu mzima aliyemuheshimu alikuwa nazo.

Kamati ikaja kuukagua. Shangazi alikuwa binti mdogo, alikuwepo, ndo aliyenisimulia. Anasema hawakuja kwa ubaya, walikaa, walikunywa maji, waliusifia mbao. Alafu mmoja akauliza, mzee, hawa watu umewatoa wapi? Mtume gani alikuwa na nembo? Na wakaongea wenyewe kwa wenyewe kwamba nembo ni mambo ya kale, ni mambo ya giza, kwamba padri akija ataona tumemrudisha Bwana porini. Walikuwa na mfano wao wanaoujua, kalenda, yule Yesu wa nywele ndefu za rangi ya asali, huyo ndo wa kawaida. Wakamuomba tu awapige msasa mashavuni. Kibuyu wangekivumilia.

Siwalaumu sana wale wazee kusema kweli, walikuwa wanalinda kitu walichokipenda, na hawakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba hata kwenye dini zetu hapa hapa kusini wapo waliojaribu njia nyingine, kama Waanglikana wa Masasi wakati wa Askofu Vincent Lucas walivyoliingiza jando kanisani wakalifanya jando la Kikristo badala ya kulipiga marufuku, na hilo ni nusu ya kwanza ya karne ya 20, zamani kabla ya ubao wa babu. Lakini nembo za mzee mashavuni mwake mwenyewe zilikuwa zinawatazama wakati wanayasema hayo, na hilo bado linaniuma.

Babu alikubali. Kesho yake asubuhi alikaa chini ya mkorosho na msasa akaanza kushoto. Akamsugua wa kwanza. Akamsugua wa pili. Alipofika wa tatu akaushika msasa, akautua. Akauviringisha ubao kwenye gunia akaurudisha ndani, na kigango akawapelekea ujumbe kwamba wanunue picha ya dukani. Hakuwarudishia lawama, Jumapili alienda kusali kama kawaida na akakaa benchi lake lile lile.

Mwezi uliopita nilipanda Newala, nikamuonesha shangazi ile picha ya Veronese kwenye simu. Jioni, tumekaa barazani, upepo ule wa kutokea bonde la Ruvuma. Nikamsimulia yote, mbwa, Wajerumani, Luka 5. Alisikiliza, akachukua simu, akaipanua kwa vidole viwili akawa anaisogeza polepole kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Akasimama kwenye mtu mmoja. Akaniuliza, na hawa weusi?

Kwenye picha kuna watu weusi, kati ya watumishi. Mahakama iliuliza damu ya pua, iliuliza kasuku, iliuliza uma, wao haikuwauliza. Nikamwambia wanahudumu.

Wote?

Niliowaona mimi, wote.

Akanirudishia simu. Akaingia ndani akautoa ubao juu ya friji, akautoa vumbi kwa ncha ya kanga, akaniambia shika huku, tukaulaza kwenye mkeka barazani. Akaanza kuwataja kuanzia kulia, kwa kidole. Huyu alikuwa fundi baiskeli wa sokoni. Huyu ni yule mzee aliyewachimbia watu kisima. Huyu ni ndugu yake babu aliyeenda kukata mkonge Tanga na hakurudi. Sikuwahi kujua. Miaka yote hiyo nilikuwa nasema ni mitume, kumbe babu alikaa akachagua watu kumi na wawili mmoja mmoja akawaketisha mezani, na nembo zao ndo majina yao, kila mtu na za kwake. Alipofika wa tatu kutoka kushoto akasema huyu ni baba yake babu.

Nikamuuliza wale wawili. Akapitisha kidole kwenye wa pili, akapitisha kwenye wa kwanza, akarudia tena. Akasema alikuwa mdogo mno, na hawakumbuki.